Shimo la Fundi Bomba

Mtaa mzima ulimjua Fundi Bomba kwa shimo lake. Wanaume wengine hujulikana kwa ukarimu, wengine kwa ubishi; huyu, jamani, kwa shimo. Lilikuwa nyuma ya nyumba yake, chini ya ukuta wa chumba cha uani, na mdomo wake haukuzidi beseni la kufulia. Alilikuta siku aliponunua kiwanja. Mtu mwenye akili zake angejiuliza ni ardhi gani hii yenye tundu ambalo hakuna aliyelichimba. Yeye alimimina ndoo ya maji, akasikiliza. Akamimina pipa zima. Maji yalipopotea yote bila kuacha hata povu, akatabasamu kama mtu aliyeposa akakubaliwa.

Kazi yake ilikuwa mabomba, na hakuna kitu alichokichukia kama maji yaliyotuama. Basi akaelekeza kila kitu mle: maji ya paa, maji ya bafu, maji ya jikoni. Majirani wakaja kuchungulia, wakaomba na wao. Akawaunganisha mmoja baada ya mwingine, mpaka mabomba yakatambaa ukutani kwake kama matumbo ya mbuzi. Mvua ikinyesha mtaa ulikauka upesi, na Bomba alisimama barazani, mikono nyuma, akipokea shukrani. Wakampa na uenyekiti wa mtaa. Uenyekiti, kwa sababu ya shimo! Mkewe alisema hajawahi kuona mtu akijivunia kitu ambacho hata hakukichimba mwenyewe.

Huyo mke ndiye Mama Cherehani, aliyewashonea nguo nusu ya wanawake wa mtaa ule na kuwasema nusu nyingine. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alimdharau mumewe kwa mengi: kwa kukoroma, kwa kutoa nasaha asizoombwa, kwa kuvaa tai kwenye vikao vya wajumbe sita. Lakini ilikuwa dharau ya nyumbani, ya kuishi nayo. Alimwona mjinga mwenye moyo mzuri, na ndoa nyingi zimesimama juu ya pungufu ya hapo.

Katika chumba cha uani alilala mama yake Bomba. Bikizee huyu naye alikuwa na vituko vyake. Chai ya mkwewe ilikuwa ama ya moto mno ama ya baridi mno, na cherehani ilimpigia kelele makusudi. Mwanawe, hata angeweka kiatu mezani, angepongezwa kwa kuking'arisha. Mama Cherehani aliyameza yote hayo. Mama mkwe ni mama mkwe, na huyu alishaanza kutembelea mkongojo.

Mambo yakaanza polepole. Mlango wa chumba kile ukagoma kufunga. Halafu ufa ukatokea sakafuni, kutoka ukutani kuja mpaka chini ya kitanda. Siku moja Mama Cherehani akaingia kufagia, akakuta ufa umezibwa kwa saruji mbichi. Miezi ikapita, ufa ukarudi. Bikizee alipokwenda kwa jirani kusuka mkeka, saruji mbichi tena. Mama Cherehani akafikiri, loo, leo mume wangu amefanya kazi ya nyumbani bila kusukumwa. Akampikia vizuri siku hiyo, maskini ya Mungu.

Kisha akaja mdogo wake Mama Cherehani, wa kiume, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya saruji. Alikuja kusalimia tu. Akazunguka nyuma kunawa mikono, akaliona lile shimo na yale mabomba, akarudi ndani hana hamu ya chakula. Akachukua kipande cha jiwe kutoka msingini, akakikwaruza kwa kisu, akakamua limau juu ya ule unga. Unga ukachemka vipovu vidogo vidogo.

Akawaeleza, naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Jiwe la hapa, alisema, ni chokaa. Mvua ikishuka huchukua hewa fulani kutoka angani, na ikipenya udongoni, penye mizizi na majani yaliyooza, huichukua zaidi, ikawa kali kidogo. Si kali ya kumuunguza mtu. Lakini ikiingia kwenye nyufa za jiwe hulilamba, na kila ufa ukipanuka unapitisha maji mengi zaidi, na maji mengi yanapanua zaidi. Hivyo ndivyo mapango yanavyozaliwa. Maji yakija kupata njia ya chini zaidi, yanahama, na nyuma yake panabaki ukumbi mtupu gizani. Shimo hili, alisema, si shimo. Ni dirisha la pango.

Bomba alicheka mpaka akajifuta machozi. Akauliza kama huko machimboni kunanyesha limau. Akauliza pango linachukua muda gani kutengenezwa, na aliposikia ni maelfu ya miaka, akapiga goti lake kwa kofi na kumwambia shemeji yake ale, wali usipoe bure, maana mpaka hapo wote watakuwa wameshazikwa, na wajukuu wa wajukuu wao vilevile.

"Jiwe ndilo linalochukua maelfu ya miaka, shemeji," kijana alisema. "Udongo wa juu yake hausubiri. Maji yote unayoyapeleka mle yanashuka na udongo wako. Sasa hivi mama analala juu ya ganda."

Akashauri mabomba yote yakatwe kabla ya mvua, na bikizee ahamishwe siku hiyohiyo. Bikizee akamjibu kabla ya mwanawe. Alisema yeye amezaa fundi, hakuzaa mchimba kokoto, na mwanawe akisema pazuri basi ni pazuri. Bomba akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, yule mwenyekiti. Kijana akaaga.

Mama Cherehani hakupata usingizi mzuri wiki hiyo. Alimsihi mumewe, akamnunia, akamsema. Jibu lilikuwa moja: akiwakatia watu mabomba, uenyekiti utakwenda na maji. Mawingu yalishaanza kujikusanya kila alasiri. Basi mama wa watu akaona aende kwa njia anayoijua, ya kupinda kitambaa palipogoma kunyooka. Akamwambia mama mkwe wake kwamba mzazi wa mwenyekiti hawezi kulala uani kama mpangaji. Apewe chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, awaone wapita njia nao wamwone. Wao wawili watahamia kule nyuma. Moyoni alijisemea heri wao wenye miguu ya kukimbia kuliko mwenye mkongojo.

Bikizee akakubali hata sentensi haijaisha. Bomba naye, mbele ya majirani, alisifiwa kwa kumheshimu mama, akazipokea sifa zote kwa mikono miwili. Jumamosi mchana kitanda cha bikizee kikaingia chumba cha mbele. Cha wenye nyumba kikabaki koridoni.

Hapo ndipo Bomba alipoanza kuumwa na visingizio. Kwanza kitanda hakitaingia mlangoni. Mama Cherehani akatoa futi yake shingoni, akapima, kikaingia na nafasi ikabaki. Kisha chumba kina joto. Kisha kina unyevu. Joto na unyevu kwa pamoja, chumba kimoja, mchana mmoja! Kisha mgongo wake unataka kochi la sebuleni, tena kwa ushauri wa daktari ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Alizungumza yote hayo akiwa amesimama kizingitini, na mguu wake haukukanyaga ndani hata mara moja.

Mama Cherehani aliutazama ule mguu. Akaitazama saruji sakafuni. Kumbe. Miaka yote hiyo alikuwa anamdharau kwa ujinga, na mtu huyu hakuwa mjinga hata kidogo. Heri angekuwa mjinga. Moyo wake ulijaa kinyaa ambacho hakikuwa na mzaha ndani yake.

"Ulikuwa unajua," alisema.

Bomba akaanza kukohoa. Nyuma yake ukasikika mkongojo. Bikizee alikuja kufuata mto wake aliousahau, na masikio yake hayakuwa na kasoro. Akauliza kule ndani kuna nini. Mwanawe akajibu kwamba hakuna kitu. Bikizee akasema kama hakuna kitu basi arudishiwe kitanda chake, yeye ameshapazoea. Akampita mwanawe, akaingia, akaketi kwenye kigoda katikati ya chumba, juu ya ufa uliozibwa.

"Toka humo, Mama," Bomba alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

"Toka tu, Mama, nakuomba."

"Sitoki mpaka useme."

Bomba alimtazama mkewe kama anayeomba kuazimwa uongo, na mkewe hakuwa na wa kumwazima. Akasema. Sakafu ile inalia tupu chini. Aliigonga akasikia, tangu mvua za mwaka juzi.

 Bikizee akauliza, kwa upole kabisa, kama anayeuliza bei ya vitunguu: "Na ningetumbukia, ungewaambia watu nini?"

Bomba akaanza tena kukohoa.  Bikizee akanyoosha mkono kwa mkwewe amsaidie kuinuka, wakatoka pamoja.

Alasiri hiyo Bomba alichukua msumeno akaenda nyuma kukata mabomba. Majirani wakakusanyika, wakauliza maji yao yataenda wapi, wakamtukana, mmoja akamvua uenyekiti palepale bila kikao. Hakuinua kichwa. Mama yake alikuwa ameletewa kiti uani, mbali na ukuta, akikaa kumwangalia. Alikata mpaka bomba la mwisho, jasho likimtiririka, akaweka msumeno chini akamgeukia. Bikizee alishika mkongojo wake akaingia ndani, na hakumwambia hata pole na kazi.