Saa ya Mashine Namba Tisa

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha Embu, nilimshtaki mwanafunzi kwa wizi wa mtihani, na nusura nishinde.

Shahada yangu ilikuwa ya fasihi. Ila nilikuwa nimehudhuria kozi ya kompyuta ya majuma sita, na miaka ile, mashine zikiwa bado zinafunikwa vitambaa vya kufuma kama televisheni ya sebuleni, majuma sita yalitosha kumfanya mtu mtaalamu. Tulikuwa na kompyuta kumi na nne, zote kuukuu, msaada kutoka ng'ambo. Kila muhula niliwaambia wanafunzi kwamba kompyuta haidanganyi, binadamu ndiye hudanganya. Niliipenda mno sentensi hiyo.

Mtihani wa vitendo ulifanywa Alhamisi, saa tatu hadi saa nne asubuhi. Kesho yake, nikisahihisha, nilitazama kila faili ilihifadhiwa lini. Kumi na tatu zilikuwa sawa. Ya mashine namba tisa ilionyesha Alhamisi hiyo hiyo, lakini saa tisa na dakika arobaini za usiku, wakati maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Aliyekaa kwenye mashine hiyo alikuwa msichana kutoka upande wa Gachoka, mkimya, mwenye alama za juu kila muhula. Nikaona sasa nimejua alama hizo hutoka wapi. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili, na sikuhitaji hata rasimu.

Kamati ya nidhamu ilipangwa kukaa Jumatatu saa tano. Msichana alikuwa ameshaambiwa afungashe vitu. Asubuhi nilimkuta baba yake kwenye benchi nje ya ofisi, koti limefungwa vifungo vyote, sanduku la bati la bintiye miguuni. Alisimama kunisalimu. Hakujua kuwa ni mimi.

Ilipokaribia saa nne niliipitia kazi ya msichana ili niisome vizuri mbele ya kamati. Swali la tatu liliwataka wachape tangazo la mkutano wa wazazi. Karatasi ya maswali ilisema Jumamosi. Mtihani ukiendelea niligundua kwamba nilikusudia Ijumaa, nikasimama nikawatangazia warekebishe. Msichana alikuwa amechapa Ijumaa.

Nilikaa nikaitazama ile Ijumaa. Faili ya usiku ingelijuaje neno nililolitamka asubuhi?

Nilikimbia kwa naibu wa mkuu wa chuo, mwenyekiti wa kamati. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Kama usiku alijua jambo ulilolisema asubuhi," akauliza taratibu, "ni nani alimwambia?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mke, na mshtakiwa alikuwa msichana. Nilielewa hesabu anayoipiga.

"Saa tano tunakaa," akasema. "Njoo na sababu, ama uje na maelezo yako mwenyewe."

Nikaenda maabara, shati limeshanata mgongoni. Niliiwasha namba tisa, nikafungua mahali pa kurekebishia saa. Palikuwa na ramani ya dunia, na mashine ilijihesabu kuwa ingali katika mji wa ng'ambo ilikotoka. Nikashusha pumzi: majira ya huko si majira ya Embu. Kisha nikafungua namba nane, namba kumi, namba kumi na moja. Zote zilikuwa kwenye mji ule ule, na faili zake zilikuwa na saa sahihi. Sababu yangu ya kwanza ikafa.

Nilirudi namba tisa, na hapo ndipo nilipotazama tarehe. Ilikuwa Januari mosi, mwaka wa zamani, saa sita na dakika chache usiku. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Kila ikizimwa, ilisahau siku. Basi siku ya mtihani ilijuaje kuwa ni Alhamisi?

Mama mtunza maabara alikuwa anapanguza meza. Nikamuuliza ni nani huiwekea mashine hii saa.

"Si ni mimi? Wewe ndio ulinionyesha, mwalimu."

Ni kweli. Muhula wa kwanza nilimwambia kila asubuhi aiandikie tarehe na saa, nikaondoka na kusahau. Nilimwomba aiandike sasa, nikiona. Alijipangusa mikono kwenye leso, akaketi, akaandika tarehe kwa kidole kimoja bila kukosea. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani, iliyokuwa saa nne na dakika ishirini, akaandika nne, akaandika ishirini.

Kwa mashine, inayohesabu kuanzia katikati ya usiku, hiyo ilikuwa saa kumi na dakika ishirini za usiku.

"Nini?" akauliza. "Ama ya ukutani nayo imeharibika?"

Haikuwa imeharibika. Alihesabu saa kama Embu nzima inavyohesabu, kama ninavyohesabu mimi. Sikuwahi kumwambia kuwa mashine inahesabu vingine. Tofauti ni saa sita kamili: msichana alimaliza saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mtihani ukiendelea, mbele ya macho yangu.

Mama alikataa kuja mbele ya kamati. Alisema haendi kufutwa kazi kwa miguu yake mwenyewe. Nilimwahidi kwamba lawama nitaibeba mimi, akaja, akarudia kuandika saa mbele yao. Naibu aliniuliza ni nani alimwelekeza huyu mama. Nikajibu ni mimi. Na ripoti? Ni mimi. Mjumbe mmoja alicheka, na kicheko hicho kikamaliza kesi.

Nilitoka nje kuwapa habari. Baba alimgeukia bintiye, wakazungumza Kimbeere kwa muda. Kisha msichana akanitazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ile ya kwanza uliiandika, mwalimu. Na hii iandike."

Niliketi kwenye benchi nikaandika kwa mkono, karatasi juu ya goti, baba akisubiri. Baba aliisoma yote, pole pole, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Hapa umesema kompyuta ilikosea."

"Ndiyo."

"Haikukosea. Wala yule mama wa maabara."

Nikaingia ofisini kuomba karatasi nyingine.