Kadi Ikitoka Imetoka

Dakika si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata uwanjani. Refa mwingine ukimuuliza zimebaki dakika ngapi, atakwambia "kidogo tu." Yeye atakwambia, "Nne na sekunde ishirini." Siku za kazi ni fundi saa. Kibanda chake kiko ubavuni mwa soko, chembamba hata wateja wawili hawaenei, na ukutani zimetundikwa saa kumi na saba ambazo zote zinasema kitu kimoja, jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine yeyote. Mkononi anavaa saa mbili. Mkewe husema huyu mume wake siku akifa ataomba dakika tatu za nyongeza.

Mimi ni fundi cherehani, na siku za mashindano ni mshika kibendera wake. Miaka tisa nimekimbia pembeni mwa mstari nikimtazama. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba simchukii. Lakini yaliyotokea kwenye mapumziko yale ya siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu, yananikera mpaka leo, na sehemu ya lawama ni yangu.

Yalikuwa mashindano ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minne, timu kumi na mbili, kwenye kiwanja cha shule chenye mteremko upande wa vyoo. Marefa tuliopangiwa walikuwa watatu. Mmoja akaenda harusini. Wa pili simu yake ilizimika Ijumaa, na sijui kama imeshawaka. Akabaki Dakika peke yake na filimbi, mimi na dereva mmoja wa gari la maji tukashika vibendera, na mechi zikawa saba kwa siku. Kufikia Jumamosi jioni miguu yangu ilikuwa inaniuliza nilizaliwa kwa nini.

Timu nyingi hazikuwa na jezi. Kamati ilikuwa na seti mbili tu, nyekundu na buluu, na namba zake nilizishona mimi mwenyewe. Timu ikimaliza, jezi zinavuliwa, zinakung'utwa, timu inayofuata inazivaa zikiwa bado zina jasho la wenzao. "Anti, hii imelowa!" watoto walilalamika. Niliwaambia waliozoea kukaushiwa nguo wabaki kwao. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni, kila mechi ilikuwa ni nyekundu na buluu, nyekundu na buluu, mpaka ukifumba macho unaziona.

Jumamosi hiyohiyo kocha mmoja alikwenda kwenye hema la kamati kulalamikia kadi nyekundu ya mchezaji wake. Dakika akamfuata hukohuko na filimbi shingoni. "Kadi ikitoka imetoka," alisema. "Tukianza kufuta, kila kocha atakuja na lake, na tutacheza mpaka mwaka kesho." Katibu wa kamati, mwanamke wa ofisini mwenye mihuri mitatu mezani, alilipenda sana neno hilo. Alichukua karatasi na kalamu nene, akaandika: *Kadi ikitoka imetoka. Hakuna rufaa. Kadi nyekundu, unakosa mechi inayofuata.* Akaibandika kwenye nguzo ya hema. Dakika alisimama akaisoma mara mbili, na nilimwona alivyofurahi.

Jumapili alasiri, kabla ya nusu fainali ya pili, msichana mmoja alinijia akinigeuzia mgongo. Namba nane ya jezi yake nyekundu ilikuwa imefumuka pembe moja. Wenzake walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na alipita katikati ya mabeki wawili bila kuwagusa. Nikatoa uzi, nikamshona palepale amesimama.

"Anti, ishone vizuri. Kesho mama anakuja."

"Mama hajawahi kukuona ukicheza?"

"Hajawahi. Anafungasha sabuni kiwandani, zamu zake haziishi. Kesho amebadilishana na watu wawili ili apate saa chache. Tukishinda leo, kesho ananiona kwenye fainali. Nimemwambia anitafute nane."

Nikakata uzi kwa meno, nikampiga kofi dogo begani, nikamwambia aende akashinde.

Sasa nieleze kuhusu kadi. Kila mechi Dakika hutumia kikadi kidogo anachokikata kwenye maboksi ya mikanda ya saa. Kila njano anayoitoa anaiandika kwa penseli: rangi ya jezi, namba na dakika. N8, 12: nyekundu, nane, dakika ya kumi na mbili. Mechi ikiisha, kikadi kinakwenda kwenye bahasha, kingine kinatoka. Ni utaratibu mzuri, na sijawahi kuona akiuvunja. Lakini hakuna aliyekata vikadi vya mechi saba kwa siku. Nusu fainali ya kwanza alitumia kikadi cha mwisho, na kwenye nusu fainali ya pili akapiga mstari katikati ya kikadi hichohicho, akaendelea chini yake. Mstari wa penseli, mfuko wenye jasho, jua la saa tisa. Mstari ukafutika.

Dakika ya thelathini na moja, timu ya Sindano ikiongoza bao moja, beki wa buluu alimpita, naye Sindano akamvuta jezi. Kosa la njano, wala sibishi. Dakika akatoa njano. Kisha akatoa kikadi aandike, na pale akaiona N8 ikimsubiri. Njano mbili ni nyekundu, naye akaitoa.

"Refa, hii ni ya kwanza!" Sindano alisema.

Lakini tangu Jumamosi kila mtoto aliyeonyeshwa kadi alikuwa akisema ni ya kwanza. Kocha wao, mwalimu mwenye sauti ya kengele, alipiga kelele kutoka kwenye benchi, ila alikuwa amepiga kelele vilevile kwa kila mpira wa kurusha. Ukizoea kulia kila siku, siku ya msiba nani atakuja?

Na mimi? Mshika kibendera naye huandika njano zote, na kikadi changu kilikuwa mfukoni. Nilikitoa. Chini ya nyekundu hakukuwa na kitu. Hakuna nane. Nilipaswa kupandisha kibendera saa ileile na kukipunga mpaka anione. Badala yake nilijitilia shaka. Nikasema moyoni, huyu ni Dakika, hakosei, labda ni mimi sikuandika. Zilipita kama sekunde nne. Nilipokipandisha, alikuwa amenipa mgongo, na buluu walikuwa wameshapiga mpira wa adhabu haraka. Mchezo ukishaanza tena, sheria hairuhusu refa kurudi nyuma. Hilo analijua kuliko anavyoujua mlango wa nyumba yake.

Walishinda wakiwa kumi. Sindano alitazama bao la pili akiwa nyuma ya uzio, ameuma kola ya jezi.

Baada ya mechi nilimfuata Dakika, nikamwekea kikadi changu kiganjani. Alikitazama. Akatazama chake. Akakiinua juani, akakigeuza, akakirudisha.

"Hii nane ni ya mechi iliyotangulia," alisema taratibu. "Ni mtoto mwingine kabisa."

Alikwenda hemani akichechemea, nami nyuma yake.

"Futa kadi nyekundu ya nane," alimwambia katibu. "Nilikosea."

Katibu hakuinua kichwa. "Ripoti ya refa ndiyo ya mwisho."

"Refa ni mimi. Nasema nilikosea."

"Nimekusikia, kaka. Jana nimewakatalia wawili kwa maneno yako." Akanyoosha kidole kwenye nguzo. "Leo nikimfutia huyu, wale wazazi wa jana watanila nyama. Watasema refa ana mpwa wake."

"Sina mpwa hapa!"

"Mimi najua. Wao hawajui."

Sheria ni msumeno, na huyu alikuwa ameunoa mwenyewe. Akaomba basi fainali aichezeshe mtu mwingine. Katibu akacheka, si kwa ubaya. "Nani? Huyu dereva wa maji?" Dereva wa maji akakohoa na kutazama viatu vyake.

Jioni nilimpelekea Dakika sare yake aliyoisahau. Alikuwa ukumbini kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na mkewe anamkanda goti.

"Tangu aingie hajazirekebisha saa," mkewe aliniambia. "Mume wangu anaumwa huyu."

"Niende kwao nikamwombe radhi?" Dakika alituuliza.

"Ukishaomba radhi, atacheza?" mkewe akauliza.

Nilitamani kumfariji, lakini ningesema nini, na kibendera changu kilichelewa? Nilikunywa chai nikaondoka.

Jumatatu fainali ilianza saa nane kamili, maana ni yeye. Jezi nyekundu namba nane ilivaliwa na msichana wa akiba, mwembamba kama Sindano. Na wote walikuwa wamenyolewa kishule, kwa mbali huwezi kuwatenganisha. Sindano alikaa benchi upande wa pili, amevaa sweta la shule.

Dakika ya sita mwanamke mmoja alikuja akikimbia, kitambulisho cha kazi kinamrukaruka kifuani, aproni hajaivua.

"Dada, namba nane wa nyekundu yuko wapi?"

Macho yangu yalikuwa kwenye mpira. Nilinyoosha kibendera bila kufikiri. "Yule kule."

"Haya mama! Kaza mwanangu! Kaza!"

Hapo ndipo nilipojua ni nani. Nilitaka kumwambia, lakini buluu walikuwa wanakuja mbio upande wangu, na mshika kibendera hawezi kugeuka. Akaendelea. Alipiga makofi, alimwita mtoto yule majina yote ya mapenzi, akamwambia jirani yake, "Namuona leo, hatimaye!" Upande wa pili Sindano aliinua kichwa. Aliisikia sauti, akamtafuta mama yake, akamwona anamshangilia mtu mwingine. Hakunyanyua mkono. Dakika alipita karibu yetu, naye akasikia. Mpira ukapita mbele yake, hakuuona.

Kisha namba nane akaja mstarini kurusha mpira, hatua tatu kutoka tulipo. Mwanamke akauona uso wake. Makofi yakakatika. Alitafuta uwanjani mchezaji mmoja mmoja, mpaka macho yakafika kwenye benchi.

Nyekundu walichukua kombe. Sindano akavishwa medali na wenzake, juu ya sweta. Mama yake alikuwa amemshika mwanawe mkono. Dakika akawafikia, filimbi ameifumbata ndani ya ngumi.

"Mama, mwanao hakuwa na kosa la kutolewa," alisema. "Nilikosea mimi."

"Ulijua lini?"

"Jana. Mechi ilipoisha."

Mwanamke hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha. Alimtazama kama mtu anayetaka kuelewa tu.

"Ulijua tangu jana. Basi mbona leo alikaa nje?"

Nyuma ya Dakika karatasi ya katibu ilikuwa bado ipo nguzoni. Alianza kusema "sheria," akaacha. Akaanza tena, akaacha. Mimi nilishika kibendera changu kama mpumbavu, na sikumsaidia.

Mwanamke akasubiri, kwa adabu kabisa. Alipoona jibu haliji, akafunga vizuri kamba ya aproni.

"Zamu yangu inaanza saa kumi. Sasa saa ngapi?"

"Tisa na dakika thelathini na nane," Dakika akasema.

Hilo tu ndilo aliloweza kumjibu. Mama na mwana wakashuka mteremko kuelekea getini, wakitembea haraka ili asichelewe.