Raha Kama Tulivyoijua Karuba

Nimechoka kuulizwa maana ya maneno. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kitshanga, katika darasa lenye kuta za turubai, na watoto wa kambi hii ya waliokimbia vita wana maswali kuliko madaftari. Siku moja mmoja akauliza raha ilitoka wapi. Wenzake wakacheka, maana sote tulikuwa tumelala na njaa. Nikajibu kama nilivyofundishwa: ni neno la Kiarabu, na starehe, ile inayoandikwa kwenye kuta za baa, ni ya ukoo huohuo. Lilitoka pwani na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, likatembea mpaka misitu ya Walikale.

Jioni nikamsimulia mama. Akaacha kuchambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Na ile mizigo nani alibeba?"

"Wapagazi, mama. Na watumwa."

"Basi njo wao walileta ile neno. Mwenye kubeba njo anajua jina ya kupumzika."

Mama hakusoma, na raha anayoijua ni moja tu, maji ya miguu. Kwetu Karuba, anayetoka shambani haulizwi kitu mpaka miguu yake iingie katika beseni la maji ya moto. Hata kama mbuzi amekufa, habari hungoja. Baba alikuwa akifumba macho, nasi watoto tukanyamaza tukitazama udongo ukiachana na vidole vyake. Hapo mama alikuwa akisema, kwa sauti ndogo, "Raha." Kisha ndipo maneno yalianza.

Sasa ni mwaka wa pili tuko kambini. Maji ni foleni, kidumu kimoja asubuhi nzima. Chini ya mto wake mama alikuwa na kopo la mbegu za maharage alilokimbia nalo, na hata siku za njaa kali hakulifungua. Nilimgombeza sana. Nilimwambia mbegu bila shamba ni chakula.

"Shamba iko," alinijibu. "Sisi njo hatuko."

Barabara ilipofunguka, mvua za kupanda zikiwa karibu, akanituma nikaliangalie shamba letu la Karuba. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Mushaki, nikamalizia kwa miguu. Kandambili ilinikatikia kwenye matope, nikapanda kilima peku. Aka! Shamba hakuna. Si maharage, si mihogo, hata matuta yamesawazishwa. Kuna ua wa miti, nyasi fupi zilizoliwa, na ng'ombe wa watu nisiowajua. Mchungaji alinisalimia kwa heshima, akaniuliza kama nimepotea. Nikageuka, nikashuka kilima.

Njiani kurudi nikatunga uongo: shamba liko, limeota magugu tu. Niliurudia juu ya moto mpaka ukanikaa mdomoni. Niliogopa kwamba akiujua ukweli mama atakata tamaa, na mtu wa umri wake akikata tamaa kambini hachukui muda kufa.

Nilifika mchana. Kabla sijafungua mdomo nikaona beseni linatoa mvuke. Alikuwa amechemsha maji yetu yote. Nikawaka.

"Ashi, mama! Na tutakunywa nini?"

"Nyamaza. Tia miguu."

Nikatia. Ee Mungu wangu, raha! Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Mama akainama akanisugua vidole mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto wangu. Kisha mkono wake ukasimama. Ndani ya beseni vilielea vipande vya nyasi, na maji yalikuwa na rangi ya mavi ya ng'ombe. Alichota kidogo kiganjani, akanusa. Kilima kile amekilima tangu alipoolewa, na ng'ombe hawakuwahi kulishwa pale.

"Mama, shamba liko," nikaanza. "Ni magugu tu..."

"Mutoto yangu," akasema, "umechoka. Usiongeze muzigo."

Akamwaga maji nje, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kopo, akalifungua kwa kisu, akamimina mbegu zote katika sufuria. Mimi niliyemgombeza muda wote huo ili azipike, nilimshika mkono nimzuie. Akautoa polepole.

"Tafuta maji," akasema. "Leo tunakula."

Nikachukua kidumu kitupu, nikatoka na miguu yangu safi, nikaenda kupanga foleni.