Ndugu Yangu Alishinda Mbuzi kwa Timu ya Kununua

Admin, jina langu liweke mbali kabisa, wateja wangu wote wako kwa hii page. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, niko na kibanda cha gemu hapa Kitengela. Vijana hunilipa wakicheza mpira kwa skrini. Nina hasira na ndugu yangu.

Hiyo gemu ni mnyonyaji. Ukitaka timu kali unanunua pakiti za wachezaji, na hujui utapata nani mpaka umeshalipa. Ikitoka gemu mpya, wachezaji wako wanabaki kwa ile ya zamani, unaanza upya. Vijana walichoka, wakaapa hakuna kununua tena, kila mtu ajenge timu na pakiti za bure unazopewa ukicheza. Aliyewahubiria sana ni ndugu yangu mdogo, wakamfanya mwenyekiti. Kuna kijana anaitwa Lemayian, babake ni mzee mfugaji wa kule Oltepesi. Mzee alifurahi kusikia kijana wake ameacha kutupa pesa, akatuletea mbuzi awe zawadi ya mashindano ya timu za pakiti za bure.

Fainali, ndugu yangu akamchapa Lemayian mabao sita. Akasema ni bahati ya pakiti za bure. Mbuzi akaliwa, na mimi nikampigia makofi kama mjinga.

Jumatatu nafungua kibanda, nampata ananunua pakiti, skrini imejaa zile fataki za kufungua pakiti ya kulipia. Hata hakushtuka. Nikamuuliza, na ile fainali je? Akacheka.

"Kwani nimeibia nani? Si ni pesa yangu? Wote wananunua, wanajificha tu."

Mwongo mkubwa. Tangu kile kiapo Lemayian hajanunua hata moja. Nilimwambia akiri mwenyewe mbele ya vijana, akakataa. Mama naye anasema nisiaibishe nyumba yetu kwa sababu ya mchezo.

Leo Lemayian amekuja, kijana wa adabu, macho chini.

"Sista, mimi bahati sina. Heri ninunue tu kama zamani. Baba alinipea kondoo, naiuza Jumamosi."

Nikajifanya natafuta chenji.

Nikisema, ndugu yangu hatakanyaga hapa tena, na kile kiapo cha vijana kinakufa. Nikinyamaza, kondoo wa watu anaenda sokoni kwa uongo ninaoujua. Na nyama ya yule mbuzi nilikula. Nishaurini ndugu zangu, Jumamosi ni kesho kutwa, nitamwangaliaje huyu kijana?