Kichupa Chenye Jina Langu

Jamani, bado nabisha. Nakato ametutoka leo asubuhi. Nimesoma ujumbe wa bintiye mara tatu, kisha nikampigia kumuuliza kama ana hakika. Mzee mzima mimi!

Miaka ya sabini, enzi za wanajeshi, tulifanya kazi pamoja maabara ya hospitali hapa Kampala. Yeye bosi, mimi msaidizi. Tulikuwa tunatafuta kirusi cha homa inayoletwa na panya: unachukua damu ya mgonjwa, unawadunga panya wachanga, unasubiri.

Chakula kiliadimika mjini. Nakato akawagawia panya wetu posho yake. Mimi akaninyima. Nimelalamika hadi juzi!

Akaletwa mgonjwa mmoja, mwalimu wa chuo cha Kyambogo. Alikuwa anasakwa kwa maneno aliyosema darasani. Nakato akaandika jina langu kwenye kichupa cha damu yake, na kwenye kadi ya kitanda. Hakuniuliza.

Siku chache baadaye gari likasimama nje, wakashuka makachero wa serikali, wale wa miwani myeusi. Nakato alikuwa ameshamficha mwalimu kwenye stoo ya chakula cha panya. Akaniambia, "Rama, vua viatu, lala."

Nikalala kwenye kitanda cha mwalimu. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia, na hilo lilisaidia sana.

"Nani huyu?"

"Soma kadi, afande. Ni Ramadhani. Damu yake imeua panya yote. Kama unataka, beba yeye."

Beba yeye! Mtu aliyekuwa akimchemshia chai kila siku!

Walirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Sikuwaona tena.

Wiki ile kirusi kikapatikana kweli, kutoka kichupa chenye jina langu. Profesa aliyesimamia utafiti hakujua lolote. Akanipongeza kwa mbali, kisha akaamuru nitengwe wiki mbili. Nakato aliniletea katogo, ndizi zilizopikwa na maharage, dirishani kila mchana, anacheka hadi machozi. Mwalimu alipopata nguvu, akavuka kwenda Kenya.

Mwalimu huyo amenipigia sasa hivi kutoka Nakuru. Analia. Anakuja mazikoni.

Nakato, dada yangu, ungeniuliza siku ile ningekataa. Nilikuwa mwoga na ulijua. Ukaniamini hivyo hivyo, na sikuwahi kukushukuru, nilikutania tu.

Nakupenda sana. Lala salama, bosi. Ingewezekana, ningevua viatu nilale hata kitanda hiki cha mwisho badala yako.