Mashine ya Leza na Mbuzi Asiyekuwepo

Hadi leo nikiingia duka la Waafrika hapa Brooklyn Center, kuna watu wananicheka kabla hawajanisalimu, na siwalaumu, maana aibu yenyewe nilijitafutia, tena kwa kimbelembele.

Ilikuwa Januari ya 2016. Sisi wachache wa kanisani tulikuwa na karakana ya pamoja kwenye chumba cha chini cha kanisa, Mama Furaha wa Bukavu akishona mikoba ya ngozi, mimi nikichonga vibao vya majina nikitoka kazini (nahudumia wazee kwenye makao yao huko Fridley, ila nikishika msumeno najiona injinia), na sote tulitaka mashine ya leza, ile inayokata na kuchora kwa mwale wa mwanga, kwa sababu Mama Furaha alikuwa amekata ngozi kwa mkasi mpaka vidole vikavimba. Wakanituma mimi niitafute ya bei nafuu. Nikabaki na mbili: moja ina feni kubwa na bomba la kutolea moshi nje, nyingine haina, na ndiyo rahisi zaidi.

Mama Furaha akauliza, "Papa Kimani, na moshi itapita wapi?"

Nikamjibu kwa madaha kwamba dirisha lipo, tutafungua, nikanunua ile isiyo na bomba. Dirisha, Januari, Minnesota. Lilikuwa limeganda barafu kiasi kwamba hata kwa nyundo lisingefunguka.

Sasa, Mchungaji alikuwa ametuambia wazi kwamba Jumapili ya kwanza baada ya mashine kufika, ibada ikiisha, atashuka kuikagua karakana, akiridhika tubaki, asiporidhika chumba kiwe cha madarasa ya watoto, na sisi hatukuwa na pengine pa kwenda. Nikaona nimwandalie zawadi, jina lake limechorwa kwa leza kwenye kipande cha ngozi ya mbuzi kilichobaki walipowamba ngoma ya kwaya (bado kina manyoya upande mmoja). Ningeweza kuifanya kazi hiyo Jumamosi, lakini Jumamosi nililala. Kwa hiyo Mchungaji alipoanza kuhubiri, nikatoka taratibu kama mtu anayekwenda msalani, nikashuka, nikaiwasha.

Moshi haukuwa mwingi, kengele ya moto hata haikulia, ila harufu, jamani, ilikuwa ileile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa manyoya asubuhi ya Krismasi. Nilifurahi hata, nikakumbuka nyumbani. Sikujua kwamba matundu ya hewa ya joto yalikuwa yanaipandisha yote kanisani.

Walionisimulia wanasema watu walianza kutazamana, wazee wakameza mate, na Mchungaji, ambaye hajawahi kuhubiri chini ya saa nzima, akafunga Biblia akasema, "Wapendwa, tusiwacheleweshe waliotuandalia."

Mimi huku chini nasikia viatu kwenye ngazi, viatu vingi, nikadhani kanisa zima linakuja kuona mashine, nikanyoosha kola. Wakaingia, Mchungaji mbele, kina mama nyuma na sahani za karatasi, na mmoja wao tayari na bakuli la pilipili (sijui aliitoa wapi, nadhani hutembea nayo). Wakatazama huku na huku.

"Brother Kimani," Mchungaji akasema, "mbuzi ako wapi?"

Nikamkabidhi ile ngozi. Herufi mbili za mwisho za jina lake zilikuwa zimeungua kabisa. Akaigeuza, akainusa.

"Kwa hivyo nime-cut mahubiri juu ya kipande ya ngoma?"

Nikajua karakana imekwenda. Nilimwona Mama Furaha akivitazama vidole vyake, na hilo liliniuma kuliko aibu yangu. Kisha yeye mwenyewe akasema polepole, "Pasta, tusimufukuze leo. Alete kwanza mbuzi."

Watu wakaangua kicheko, na Mchungaji naye akashindwa kujizuia. Hukumu ikatoka palepale: tubaki, ila nisiiwashe tena kabla ya kuweka feni na bomba, na Jumapili inayofuata nilete mbuzi mzima. Nikavileta vyote. (Makoti yetu, yaliyokuwa yametundikwa chumba cha pili, yalinuka wiki mbili.)

Nimeapa sitanunua tena mashine kwa kuangalia bei tu, na mtu akiniuliza swali la moshi nitalisikiliza hadi mwisho. Ila kuna Jumapili mahubiri yanazidi urefu, na Mama Furaha huniinamia sikioni: "Papa Kimani, shuka kule chini, washa mashine kidogo."