Taulo Kumi kwa Feni Moja

"Sasa wewe mama mtu, ukimpa maji kabla hajaomba, ukampa mkate kabla hajaomba, aombe nini? Mvua?"

Mama Kadi alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa lake, mikono kiunoni. Aliyekuwa akisemwa, mama wa mwanafunzi wake Bibie, hakurudi nyuma hata hatua.

"Simpi kabla, mwalimu. Anaomba."

"Kwa kadi gani?"

"Hakuna kadi. Anakwaruza hapa." Mama mtu akafungua faili la picha la binti yake, akaweka kidole mahali palipokuwa wazi, pamebaki kipande cha kitambaa cha kunatia kadi tu. "Anakwaruza mpaka kucha inatoa damu. Nikimpa maji, anamwaga. Nikimpa mkate, anaurusha. Tangu Jumatatu hatulali."

"Anakwaruza kwa sababu panakwaruzika. Usimwekee mtoto maneno mdomoni."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kusoma kwenyewe kulikuwa darasa la saba. Mama Kadi aliingia katika kituo kile cha watoto wenye mahitaji maalumu kwa mlango wa nyuma, na ndoo na dekio. Miaka minne alideki huku macho yako kwa walimu, akaona jinsi mtoto mwenye usonji, asiyetamka neno, anavyobandua picha ya kikombe kwenye faili na kuiweka mkononi mwa mtu, na mtu akaleta maji. Akaona kwamba ile picha ni neno kamili, tena halina kigugumizi. Mwalimu mmoja alipoacha kazi, mkuu wa kituo alimwambia Mama Kadi ashikilie darasa mpaka apatikane mwenye cheti. Huyo mwenye cheti anatafutwa mwaka wa kumi na moja sasa.

Mama Kadi naye alishakosea. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akimshika mwanafunzi mmoja kifundo cha mkono, anamwongoza kwenye picha, na yule kijana akawa "anasema" mambo mazuri hadi wazazi wakalia kwa furaha. Akaja mkufunzi, akamwambia, "Mama, endelea kumshika, ila wewe tazama dirishani." Akatazama dirishani. Kijana hakusema kitu. Maneno yote yalikuwa ya Mama Kadi. Aibu ile ilimwingia kama mwiba, na tangu siku hiyo hamshiki mtu mkono, wala hakubali mzazi amsemee mwanawe. Mwenye kuumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini juma hilo moyo haukutulia. Bibie ana miaka kumi na saba, na alikuwa akienda vizuri. Sasa ghafla hagusi kazi. Ukimwekea taulo za kukunja anazisukuma chini. Kifundo chake cha mkono kilikuwa na alama za meno yake mwenyewe, Jumanne mbili, Jumatano tano, Alhamisi Mama Kadi akaacha kuhesabu. Na Ijumaa anakuja baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, ndiye alikuwa akimlipia ada. Alishasema: miaka miwili ya picha inatosha, nije nione akiomba kitu kimoja, peke yake, la sivyo abaki nyumbani. Nyumbani maana yake Mama Kadi aliijua. Mama mtu anafagia ofisi za watu tangu alfajiri hadi saa nane. Siku moja Mama Kadi alipompeleka Bibie kwao, aliona mlango wa chumba cha uani. Komeo lilikuwa kwa nje, jipya, bado linang'aa.

Ijumaa ikafika, haina huruma. Baba mkubwa ni msimamizi wa vibarua wa ujenzi, mtu wa mabega, akaketishwa kwenye kiti cha wanafunzi, magoti yakafika kidevuni.

"Haya, mwalimu. Sitaki hotuba. Kitu kimoja."

Mama Kadi akafungua faili mbele ya Bibie. Picha zilikuwapo: maji, biskuti, choo, bembea. Bibie hakuitazama hata moja. Akapeleka ukucha pale pale palipo wazi, akaanza. Kwaru, kwaru. Kisha akanyanyua kifundo, akakitia menoni.

"Hii ndiyo mnayofundisha?" baba mkubwa akauliza, taratibu, na hiyo taratibu ndiyo mbaya zaidi.

"Ngoja kidogo, shemeji," mama mtu akasema.

"Nimengoja miaka miwili."

Jasho likamtoka Mama Kadi. Akatia mkono mfukoni mwa aproni kutafuta leso, akagusa kitu kigumu, chenye ncha. Akakitoa. Ilikuwa kadi yenye picha ya feni.

Akakaa chini, akakumbuka. Jumatatu, kwenye ule ubao mdogo wenye pande mbili, aliweka upande wa KWANZA picha ya taulo, na upande wa HALAFU picha ya feni aliyoitoa kwenye faili la Bibie. Ndivyo kazi inavyokwenda: kwanza fanya, halafu upate. Bibie, ambaye akiona feni inazunguka hutulia kama maji mtungini, alikunja taulo zote kumi. Ya kumi ikiwa inamalizika, umeme ukakatika. Uliporudi, feni ya darini ilikuwa imeungua. Mama Kadi akampa biskuti, akabandua kadi, akaitia mfukoni. Ndiyo kanuni yake: kitu kisichokuwapo, kadi yake huondolewa, asije mtoto akaomba hewa. Kumbe alimwondolea neno, na deni akabaki nalo.

"Nina deni lake," akasema. Akaeleza yote mbele yao, bila kujipamba.

Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. "Taulo ngapi?"

"Kumi."

"Alimaliza?"

"Alimaliza. Kona kwa kona."

"Ukampa biskuti. Mlipatana biskuti?"

"Hapana, mzee."

"Vibarua wangu ukiwapa biskuti jioni watakuchanganya kwenye zege." Akamtazama Bibie kama ndiyo kwanza anamwona. "Na bado amekuja siku nne."

Mama Kadi akabandika kadi ya feni mahali pake. Kisha akageuza kiti, akampa kila mtu mgongo, akatazama dirishani, mikono nyuma. "Asije mtu akasema maneno haya ni yangu."

Dirishani palikuwa na kamba ya nguo na soksi moja isiyo na mwenzake. Aliitazama soksi ile mpaka macho yakauma. Kukwaruza kukakoma. Akasubiri ule mlio mdogo wa kitambaa kikibanduka, hausikiki. Kisha ukasikika, kraa, na hatua mbili za viatu vya plastiki.

"Mwalimu," sauti ya baba mkubwa ikasema. "Amenipa mimi."

Alipogeuka, kadi ilikuwa katika kiganja kile kikubwa, na Bibie amesimama mbele yake anatazama kadi, si uso.

"Sasa nifanyeje?"

"Umeombwa. Ofisini kwa mkuu kuna feni ya mezani."

Baba mkubwa akainuka, kiti kikamganda nyuma, akakitoa, akaenda. Wakamsikia akimwambia mkuu kwamba ni deni la Jumatatu na halina mjadala. Huku darasani Mama Kadi akamgeukia mama mtu. "Nilikusema bure, dada yangu. Mtoto alikuwa akisema, wewe ukasikia, mimi nikaziba masikio."

"Yamekwisha," mama mtu akajibu. "Ila mvua usinitajie tena."

Feni ikaja, ikachomekwa, ikaanza kuzunguka. Bibie akaketi sakafuni mbele yake, nywele zikipepea, mkono wenye alama umelala pajani.

"Jumatatu nani anamleta?" baba mkubwa akauliza, kadi ingali kiganjani.

Upepo ulipomtosha, Bibie aliinuka, akaichukua kadi kiganjani mwa baba yake mkubwa, akaenda kuibandika mwenyewe mahali pake katika faili, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.